Kifua Changu na Mashine ya Nauli

Jumatatu, 4 Machi

Wameleta mashine! Imefungwa kwenye nguzo mlangoni mwa basi, pale pale ninaposimama mimi, kondakta wa miaka kumi na tisa. Abiria anagusisha kadi akipanda, anagusisha tena akishuka, nauli imekatwa. Na aliyeifunga ni nani? Shemeji! Kaka wa mke wangu, fundi wa kampuni, aliyekula kwangu miezi saba alipokuwa hana kazi. Asante ya punda ni mateke. Akaniambia eti nisiwe na wasiwasi, ni majaribio ya wiki moja. Bosi hakuzunguka: abiria wakiipenda, kondakta hatahitajika tena. Wakiisusa, nabaki.

Nimepewa na kadi ya kuwaonyeshea abiria, ikikatwa nauli nakatwa mimi kwenye mshahara. Nimwonyeshe nani! Nimeitia mfuko wa shati na haitoki humo.

Jumanne, 5 Machi

Nimebandika karatasi juu ya mashine: MBOVU. Wino mwekundu. Imedumu vituo viwili. Mwalimu mmoja mstaafu akaibandua, akagusisha kadi yake, mashine ikaitikia. Akaniuliza mbovu ni mashine au ni mimi. Basi zima likacheka. Hata dereva, mtu ambaye hata siku ya mshahara hatabasamu!

Jumatano, 6 Machi

Nimepata dawa. Kisichoonekana hakiguswi. Leo nimeiegemea mashine kwa kifua safari nzima. Nabanduka kidogo watu wapite, narudi. Anayeuliza iko wapi namwambia imepelekwa kwa fundi. Wote wamelipa mkononi mwangu, tena kwa adabu, kama zamani.

Mashine yenyewe inalia tii! kila nikiikandamiza. Lia tu, nikaiambia. Bado hujaona kitu.

Alhamisi, 7 Machi

Safari sita. Tii! Tii! Tii! mpaka jioni. Sijawahi kusikia kilio kitamu namna hii. Mbavu zinauma, lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Mke wangu ameona michubuko kifuani, akauliza nimepigana na nani. Nikamjibu ni kazi ya wanaume. Akasema kaka yake naye ni mwanamume, anafanya kazi kwa bisibisi na anarudi mzima. Ndani ya nyumba yangu!

Ijumaa, 8 Machi

Sina nguvu hata ya kushika kalamu. Bosi alitukusanya uani. Eti njia yetu imeongoza! Kadi zimegusishwa mara mia tatu na kumi na mbili kwa siku mbili. Makofi. Nikapiga kelele kwamba ni uongo mtupu, watu walinilipa mimi. Akanipigapiga begani, akasema anaelewa uchungu wangu. Kuanzia Jumatatu basi letu halina kondakta.

Shemeji akanivuta nyuma ya matairi mabovu. Amekagua. Miguso karibu yote imetoka kwenye kadi moja. Yangu! Eti mashine inasoma hata kupitia kitambaa. Nikiegemea, nimepanda. Nikiegemea tena, nimeshuka. Mshahara wangu wa mwezi wote umeishia humo, na mimi nilidhani inalia kwa maumivu.

Kisha akasema bosi bado hajajua. Twende wote wawili, tueleze kweli, hesabu ifutwe, majaribio yaanze upya, pesa irudi, nibaki na kazi yangu. Sharti moja tu: niseme kwa mdomo wangu kwamba nilikuwa naiegemea, niombe radhi. Mimi! Mbele yake! Nikamwambia afadhali nilale njaa. Akanisihi, shemeji tafadhali, mfikirie dada yangu. Machozi yakamlengalenga. Nikaondoka bila kuaga. Miaka kumi na tisa, jamani.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu hanisemeshi. Kaka yake amemwambia yote. Chai nimejipikia mwenyewe, na sukari sikuiona ilipo.

Bosi amenitafutia kazi nyingine, kwa nusu mshahara. Nitasimama kwenye lango la kituo kikuu, nimevaa fulana ya njano, niwaelekeze abiria jinsi ya kugusisha kadi. Kadi yangu ya kuonyeshea nibaki nayo. Wanadhani wamenimaliza! Wamemtia fisi buchani bila kujua.

Mchana kutwa nimelala chali nikitafuta nilipokosea. Nimepaona. Hila ilikuwa safi kabisa, kosa lilikuwa kifua. Kadi iko kifuani, nami naegemea kwa kifua! Hata mtoto angeona.

Jumatatu mashine ya langoni nitaiegemea kwa nyuma, nikae juu yake kabisa, asiione mtu. Na ili nisirudie kosa, kadi nimeshaihamishia mfuko wa nyuma wa suruali.