Lenzi Nyeupe ya Marehemu

Wenceslas alipomwona yule mama akishuka kwenye pikipiki ya abiria karibu na soko la Kamembe, hakumwangalia usoni. Aliangalia mfuko wake. Kati ya mafungu ya mboga za lengalenga kilichungulia kitu cheupe, kirefu, chenye mkanda mwekundu shingoni, na moyo wa Wenceslas ukaruka kama wa kijana aliyesikia posa yake imekubaliwa.

Kitu hicho alikijua. Yaani alikijua kwa picha: lenzi za namna ile hukaa pembeni mwa viwanja vikubwa vya mpira, mikononi mwa watu wanaolipwa na magazeti ya Ulaya. Wilaya ya Rusizi nzima haikuwa na hata moja.

Ni haki tumtambulishe bwana huyu. Wenceslas alikuwa mshauri wa lenzi. Cheo hicho alijipa mwenyewe, bila kumsumbua mtu kwa mtihani. Vijana waliotaka kupiga picha za harusi walimwendea na swali moja: lenzi gani itatoa picha safi bila kufilisi ukoo? Naye, kwa upole wa daktari, aliwajibu: "Mudogo yangu, foto safi na bei nzuri ni bibi na bwana. Miye kazi yangu ni kubafungisha ndoa."

Kisha aliwapiga picha kwa lenzi ndogo, fupi kama kikombe cha kahawa, isiyovuta karibu wala kusukuma mbali, lakini iliyokunywa mwanga hata ndani ya ukumbi wenye giza. Picha zilitoka safi ajabu. Halafu akawauzia nyingine: ndefu, nzito, yenye maandishi ya dhahabu, na ndani ya vioo vyake kuvu imeota kama kwenye mkate wa juzi. Vijana walipenda ule urefu. Waliporudi kulalamika kwamba bibi harusi ameonekana kama yuko ndani ya moshi, Wenceslas aliwaambia kwa huzuni kwamba ule ni mvuke wa furaha.

Ile ndogo hakuiuza kamwe. Ilikuwa kitu pekee cha kweli dukani mwake, na yeye aliiita chambo.

"Maman, karibu kwa kivuli," alisema kutoka mlangoni mwa duka lake. "Muzigo iko nakuchokesha."

"Aksanti, Papa." Mama akaketi. Alijitaja kwa jina la Mukansanga, mjane. "Niko natafuta muntu wa kuchukua hii kitu ya bwana yangu. Alikuwaka napiga banyama foto kule Congo. Sasa amekufa, na miye sijue hata kazi yake."

Wenceslas akapiga miayo. Hiyo ndiyo ilikuwa sanaa yake: anayeshika kitu cha watu kwa hamu hupandisha bei. Kwa hiyo hakukishika. Aliona tu, kwa kona ya jicho, kwamba kimefungwa plastiki na gundi mbele na nyuma.

"Juu ya vumbi isiingie," mama alieleza. "Bwana yangu alikuwa makini."

"Ni ya zamani, Maman. Nzito. Leo batu banapenda kitu kidogo."

"Basi nitapeleka kwa Mzee Christophe-Aimé, mwenye studio kule juu."

"Yule? Maman, yule atakuibia!" Wenceslas alisema kwa uchungu wa kweli kabisa, kwani alihisi anaibiwa yeye.

"Siko nataka faranga, Papa. Faranga, bawifi bangu batakula. Binti yangu anataka kupiga foto za harusi. Unipe kitu yenye kumufaa, basi."

Wenceslas akamletea lenzi moja ya kuvu, yenye maandishi ya dhahabu. Mama akaipima kwa mkono, akaguna.

"Hii nayo ni nzito. Wewe mwenyewe unasema batu banapenda kidogo." Akanyoosha kidole. "Unipe ile."

Alikuwa akionyesha chambo.

Wenceslas alisita, lakini kusita kwake kulikuwa kwa heshima tu. Kwa lenzi nyeupe angenunua chambo kumi. "Kwa sababu ya marehemu," alisema, mkono kifuani. Mama akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akaomba na kifuniko chake, akapewa, akaomba na kimfuko, akapewa. Kisha akabeba lengalenga zake akaondoka.

Mtu aliyemdhulumu mjane husikia njaa. Wenceslas aliingia mgahawani, akaagiza sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, na kuiketisha lenzi kwenye kiti cha pili kama mgeni wa heshima. Hakuifungua. Vidole vilikuwa na mafuta, na pale palikuwa na macho mengi ya watu wasioaminika. Mjini wamejaa.

Aliposhiba alipanda hadi studio. Christophe-Aimé, mzee mwenye ndevu haba na subira haba zaidi, alikuwa akifuta kaunta.

"Mzee, ukae kwanza," Wenceslas alisema. "Hii, unasimama hapa Kamembe, unahesabu meno ya simba kule mbuga ya Akagera."

Mzee akakata plastiki. Akazungusha upande wa mbele, na upande wa mbele ukafunguka kama kifuniko. Akanusa. Akainamisha. Maji ya kahawia yakamwagika juu ya kaunta.

"Chai," alisema mzee. "Na tangawizi."

Wenceslas akachungulia. Pale alipotarajia vioo paling'aa chuma kitupu.

"Ni termosi," mzee akaendelea. "Banatengeneza hivi, mfano wa lenzi, kwa batu ba kupenda mapambo. Wewe mushauri, hukuangalia ndani?"

"Ningeangalia, angejua niko naitaka."

"Ah." Mzee akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. "Maman moja wa lengalenga ametoka hapa. Ameniuzia lenzi ndogo, nimeijaribu palepale: foto safi, bei ya kupumua. Miaka mingi nilikuwa natafuta ya vile. Anasema imetoka kwako! Kumbe unajua kuchagua."

Wenceslas akatoka mbio hadi mlangoni, akasimama. Chini, ng'ambo ya maji, upande wa Congo, mji wa Bukavu ulitanda na mama zake maelfu wenye vitenge. Akafikiria polisi. Angewaambia nini? Kwamba ameibiwa na mjane katikati ya kumwibia?

Akarudi polepole.

Christophe-Aimé alikuwa ameinua kile kitu cheupe kwenye mwanga. "Naweza kuichukua ya mezani," alisema. "Inatunza moto?"

Wenceslas akavuta pumzi, akanyoosha kola. "Mzee, unatia chai asubuhi, mangaribi inakuunguza ulimi."

Mzee akachovya kidole katika chai iliyomwagika, akakiacha humo kidogo. Ilikuwa baridi kabisa.