Waya Usio na Kazi

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Leo Ujiji imejua mimi ni nani. Redio ya mjomba Mwinshehe inakoroma wiki nzima, na kila mtu anataka habari za ng'ambo ya ziwa, vita imefika wapi. Mimi Swaibu, niliyeacha shule darasa la sita kwa kuwa nilishajua vya kutosha, nikatafuta waya wa eriali. Nikaupata! Ndani ya Pijo ya mjomba, ile pikapu kuukuu. Mkanda wa shaba uliosukwa kama ukili, upande mmoja umefungwa kwenye injini, upande wa pili kwenye bodi. Chuma kwa chuma! Hauendi kwenye taa, hauendi kwenye honi. Uvivu mtupu. Nikaufungua, nikautundika kwenye bati. Redio ikasema kama kasuku. Mjomba mwenyewe kaniita Fundi. Waya umetoka wapi, sikumwambia. Fundi hatoi siri.

Jumanne, 5 Novemba

Balaa. Asubuhi kaja mwenye mtumbwi kutoka Ilagala. Hadija, mdogo wa Bi Saumu yule mke wa mjomba, amevuka toka Uvira na watoto wanne. Wamelala huko Ilagala ufukweni na mvua yote ile, na yule mdogo ana homa kali. Magari ya mji mzima yamekodiwa na mashirika ya wakimbizi. Limebaki letu. Mjomba akageuza ufunguo. Kimya! Taa zinawaka. Honi inalia mpaka kuku wametawanyika. Lakini stata haikohoi hata kidogo, na waya wa pedali ya mafuta, ambao maisha yake haujaonja umeme, unafuka moshi! Akageuza tena. Waya ukakatika. Moshi umetoka wapi? Nikatangaza kitaalamu kwamba ni betri. Bi Saumu akauliza, kama ni betri, mbona honi inalia. Nikamwambia honi inalia kwa mazoea.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeanika betri juani. Betri za redio tukizianika zinapata nguvu, sasa hii kubwa si itakuwa simba? Nikaiweka mchangani, katikati ya dagaa wa jirani yetu Veneranda. Ikapinduka. Maji yake yakawamwagikia dagaa, wakageuka rangi. Veneranda akasema hao nitawala mimi, tena mbele yake, na miba asiione. Nikakimbia na betri. Nikaifunga garini: vilevile! Nimelamba nyaya zote, ulimi umekufa ganzi, sijaelewa kitu. Tukalisukuma. Likawaka! Lakini pedali haina waya, likatambaa kama kobe hadi mlango wa msikiti, likazima papo hapo. Waumini wamepita kwa ubavu mpaka tulipolisukuma kurudi nyumbani. Bi Saumu leo hajala. Kakaa barazani, kajifunika kanga kichwani. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 7 Novemba

Bi Saumu kaniletea mpinzani. Bonaventura, fundi wa Uvira, kavuka wiki iliyopita na mfuko mmoja: spana tupu, shati la pili hana. Nikamuuliza kama kwao wana magari au wanapanda bata. Akacheka tu. Betri hakuigusa. Akachungulia chini ya injini, akauliza mkanda wa shaba uko wapi. Nikasema pikapu hii haijawahi kuwa na mkanda. Akaeleza kwamba umeme ukienda lazima urudi, na ukikosa njia yake unapita popote, hata kwenye waya wa pedali, ndiyo maana uliungua. Umeme unarudi! Kama mbuzi! Nikamwachia na ndoto zake. Pedali akaifunga kwa waya wa breki ya baiskeli. Halafu akaomba kipande chochote cha shaba nene. Hapo ukarimu ukanishika. Nikapanda juu ya bati, nikashusha eriali yangu mwenyewe! Matundu yake mawili yakaingia kwenye bolti mbili, sawasawa, hata kutoboa hakutoboa. Bonaventura akanitazama weee. Akasema, "Huyu waya anajua kwao, ndugu yangu." Nikamwambia ni bahati. Ufunguo mara moja tu, vruum! Mjomba akaondoka nalo kwenda Ilagala. Jioni Hadija kashuka uani na watoto wote wanne, na Bi Saumu kamng'ang'ania, hawaachani. Nimemweleza kila mtu kwamba gari limewaka kwa waya wangu. Mjomba kaniangalia vibaya, sijui kwa nini. Wivu, nadhani.

Ijumaa, 8 Novemba

Mtoto kapata dawa, homa imeshuka, mchana kala ugali na samaki wa mgebuka. Sasa Hadija anataka habari. Mumewe kabaki Uvira. Kaisogelea redio, sikio karibu liguse kitambaa cha spika. Inakoroma tu! Haina eriali. Nyumba nzima imenigeukia. Bonaventura kanionya, ule mkanda nikiugusa tena atanifunga mimi kwenye injini. Sawa. Sitaugusa, mimi mwelewa. Ila nimefunua boneti, nimeona waya mwingine, mwekundu, mnene kuliko ule, unatoka kwenye betri. Nimeutazama saa nzima. Gari limeegeshwa, nao umekaa tu, haufanyi lolote. Mjomba anarudi Ilagala kesho alfajiri kuchukua watu waliobaki, kwa hiyo nifanye leo leo, nisije nikamchelewesha.

Spana nimeshaazima kwa Bonaventura.