Bendera ya Watu wa Mwezi Imeniletea Wagonjwa

Leo nimeaibika mlangoni kwangu mwenyewe, asubuhi, kabla hata sijanawa uso. Nawasimulia mimi kabla majirani hawajawasimulia wao.

Mnajua kwamba mimi ni katibu wa kikundi cha utamaduni wa Wanyamwezi hapa Tabora. (Kikundi kina viongozi watupu, mwanachama wa kawaida bado tunamtafuta.) Juzijuzi niliona mtandaoni kuwa wenyeji wa asili wa Australia wana bendera yao: nyeusi ni watu, nyekundu ni ardhi, duara la njano ni jua. Nikasema sawa. Kisha nikawaona Wasami wa kaskazini mwa Ulaya, bendera yao ina jua na mwezi. Mwezi! Hapo nikakasirika. Watu wa mwezi ni sisi, halafu mwezi unapepea kwenye theluji huko!

Kamati ikakaa, ikabishana, nusura watu washikane mashati. Mwisho tukapitisha: nyeusi ni mvua, nyeupe ni baraka za mababu, nyekundu ni vumbi la njia waliyopita wapagazi wetu na pembe za ndovu kwenda Bagamoyo. Juu mwezi mwandamo. Chini kibuyu, maana wapagazi nao walikunywa maji. Mwenyekiti akasema kwa sauti nzito, "Kila atakayeiona atajua sisi ni nani." Makofi!

Jana fundi alinikabidhi bendera ina madoa ya mafuta ya cherehani. Nikaifua, nikaitundika kwenye mwanzi mrefu mbele ya nyumba ikauke. (Nyumba hii nimehamia juzi, hakuna hata mmoja wenu anayeijua.) Nilitaka ipepee vizuri leo, kwa sababu mchana alikuwa anakuja shangazi yake Pendo, mchumba wangu. Shangazi anatoka Choma, na kwao yeye ndiye mwenye neno. Akikataa, posa imekufa. Hatujawahi kuonana. Niliambiwa tu kuwa ni mama wa kwaya na hataki mchezo. Nampenda Pendo, nisiwafiche. Usingizi sikuuona kwa hofu.

Asubuhi nikasikia hodi. Nafungua, namkuta baba mtu mzima.

"Shikamoo, mzee."

Mzee! Mimi!

"Baiskeli yangu imeibwa. Niambie iliko."

Kwenye benchi langu ameketi mama aliyejitanda kanga hadi puani, na pembeni yake mtu aliyevaa helmeti ya bodaboda, kioo kakishusha. Viatu vyote wamevivua, wamevipanga mlangoni kwa adabu.

"Mimi si mganga," nikasema.

Wa helmeti aliposikia sauti yangu akainuka, akatimua mbio pekupeku. Wengine wakatazamana.

"Waganga wa kweli ndivyo wanavyosema," akasema mwenye baiskeli.

Nikageuka kuitazama bendera. Nyekundu, nyeupe, nyeusi, rangi zile zile za waganga. Kwenye mwanzi. Ina kibuyu! (Kamati nzima, hakuna aliyeliona hilo.)

Mwenye baiskeli nikamshauri aende polisi. Akaondoka akinung'unika kwamba polisi anapajua. Akaingia mama wa kanga.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mama. Sikiliza, ile bendera, nyekundu ni vumbi la..."

"Naijua kazi yake. Dereva wa bajaji kaniambia kuna mtaalamu mpya. Nina haraka. Binti wa kaka yangu kuna kijana wa hapa mjini kamganda. Nataka dawa amwache."

"Ana kosa gani?"

"Anashinda kwenye simu, eti anatengeneza bendera ya kabila! Mchana napelekwa kwake. Nataka yawe yamekwisha kabla ya chakula."

Kumbe ndiye shangazi mwenyewe! Mwenye akili hapo angejitambulisha. Mimi nikafumba macho, nikatikisa kichwa, nikabadili sauti.

"Namwona kijana huyo. Ana nyota kali. Mpole. Mchapakazi. Tena ana sura nzuri."

"Sura nzuri?"

"Sana, mama. Mababu wanasema aoe upesi. Atakayezuia atapata vidonda vya tumbo."

Akashusha kanga, akanikazia macho. Mara mlango ukafunguka. Pendo huyo, na kuku mkononi, kawahi kuja kunisaidia kupika.

"Shikamoo, shangazi! Kumbe umeshafika? Nani amekuelekeza kwa mchumba wangu?"

Jamani! Nilitamani niingie ndani ya kile kibuyu cha bendera. Mama wa kwaya kwa mganga, na mkwe anayejipigia debe kwa mdomo wa mababu.

"Marahaba, mwanangu," shangazi akasema taratibu. "Nimewahi makusudi. Nilitaka nimwone kabla hajajiandaa."

Pendo akapeleka kuku jikoni. Shangazi akanisogelea.

"Sura nzuri, eh?"

Nikajifanya natafuta kisu cha kuchinjia kuku.

"Kitambaa kile kishushe sasa hivi. Ya hapa yaishie hapa. Ukinyamaza, leteni posa."

Nikaapa sitamwambia mtu. (Ninyi si mtu, ninyi ni kundi. Na Pendo hayumo humu, nimehakikisha.)

Mwenyekiti ameuliza wananchi wameipokeaje bendera. Nimemjibu kwamba walipanga foleni. Ninaoa, jamani! Naomba asicheke mtu, hasa wewe mwenye kandambili za bluu zilizoshonwa kwa waya. Bado ziko mlangoni kwangu.