Paneli Inayopumzishwa Mchana

Jumamosi, 2 Agosti 1997

Leo nimeleta umeme Kasekese. Mimi Mwandu, kwa akili yangu na mali yangu!

Haya, si mali yangu. Sola kaileta mkwe wangu Luhende, mume wa binti yetu Kabula, dereva huko Mpanda mjini. Tajiri wake kahama, kamwachia. Akili nayo ni yake, ndiye aliyefunga nyaya. Mimi nilishika ngazi. Ngazi haikuanguka, kwa hiyo na mimi nimo.

Paneli juu ya bati, betri ya gari chini, taa moja, na waya wa redio. Kuna na kitaa: kikiwa chekundu betri ina njaa, kikiwa cha kijani imeshiba. Mungu ambariki kijana huyu. Niliwahi kusema ng'ombe wake wa mahari walikonda. Nafuta kauli.

Jioni nimetumbukiza chooni mawe yote ya redio, zile betri ndogo za dukani, watu wakishuhudia. Makofi!

Jumatatu, 4 Agosti

Luhende karudi mjini. Nimebaki na darasa langu la tatu. Linatosha. Nimelima na maksai tangu ujana, namjua anayefanya kazi juani. Unamfunga alfajiri, jua likipanda unamfungua, akae kivulini hadi alasiri. Ukimlimisha mchana, kesho analala chini na jembe lako. Paneli ina tofauti gani? Jua lilipokolea nimeishusha, nikailaza nyuma ya ghala, nikaifunika gunia. Imepoa vizuri, maskini.

Kapita Uwesu, mnunuzi wa mpunga, mtani wangu. Kauliza tangu lini Wasukuma wanalilaza jua kitandani. Eti betri itakufa njaa. Nimecheka! Mtani hasemi kweli. Mwaka jana alitangaza nimekufa, watu wakaja na unga wa matanga. Unga tuliula.

Jumatano, 6 Agosti

Mke wangu Mariana karudi kutoka kwaya mbio. Wimbo wao uliorekodiwa mjini wakati wa Pasaka utapigwa redioni Jumapili jioni, baada ya habari. Yeye ndiye anayeuanzisha. Maisha yake yote hajaisikia sauti yake ikitoka mahali pengine zaidi ya kinywani mwake. Kasema ukipita bila yeye kuusikia hatanisamehe, mimi wala ngazi.

Nimemwambia asihofu, nikawasha redio kumwonyesha. Ikasema neno moja na nusu, ikazima. Kitaa chekundu. Ni uchovu huo. Nimeiongezea paneli mapumziko.

Dukani mawe hakuna mpaka lori lije. Nimechungulia chooni. Hapana.

Alhamisi, 7 Agosti

Luhende kapita akiwa safarini. Kaikuta paneli imelala kivulini. Kashtuka, kisha katazama chini, kaniuliza hali ya ng'ombe. Mkwe wetu hamkosoi baba mkwe, ana adabu. Halafu kamgeukia kuku! Kamwambia taratibu, tena kwa sauti ya juu, kwamba wewe kuku ujue, kitu cha jua chakula chake ni jua, hasa la saa sita, na kivulini kinashinda na njaa.

Nimemhurumia. Kijana anaongea na kuku. Udereva huu utamwua.

Mariana alikuwa ndani, kajificha kama mama mkwe anavyopaswa. Kasema kasikia yote. Nikamwambia tumwombee.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, siku ya wakulima. Nimeiadhimisha kwa kulala mchana. Kuamka, paneli iko juu ya bati! Mariana kasema alikuwa anafagia nyuma ya ghala, akaisogeza kidogo. Kaisogeza hadi juu, kwa ngazi. Mwanamke msafi.

Jumamosi, 9 Agosti

Kafagia tena! Nimemwambia anaichosha. Kaniletea bakuli la pili la uji, nikasahau nilikuwa nasema nini.

Alasiri kitaa cha kijani! Mapumziko ya wiki nzima sasa yanajibu.

Jumapili, 10 Agosti

Uwanja umejaa. Kwaya nzima wamekuja na sare, utadhani redio inaona. Uwesu kakalia kiti changu, nikaishia kwenye kinu.

Habari zikaisha. Mariana akanishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu tuhame Shinyanga. Mara sauti yake. Peke yake, nyembamba, imesimama wima. Akaziba mdomo kwa khanga, alidhani ni yeye anaimba. Wenzake wakapokea, redioni na uwanjani pamoja. Wimbo ukafika mwisho na betri bado ina nguvu.

Uwesu alifungua kinywa, nikajua ananitania. Kasema tu, mama Kabula, hongera. Mimi macho yalinitoka maji. Vumbi la Agosti. Asante Luhende. Asante betri. Asante Mungu uliyeliwasha jua bila kututuma mafuta ya taa.

Jumatatu, 11 Agosti

Mariana anaimba tangu asubuhi. Hata kuni anazipasua kwa sauti ya kwanza. Uwesu kaja kuuliza kama nimejifunza kitu. Nikamjibu nijifunze nini, nilijua tangu mwanzo: kinachopumzishwa ndicho kinachofanya kazi. Kacheka hadi kakaa chini.

Acheke. Ila wewe Uwesu, kiti changu ulikikalia jioni nzima, nami kinu kimeniumiza. Una deni langu. Lile turubai lako la kuanikia mpunga, niazime wiki hii. Paneli imefanya kazi kubwa, na gunia linapitisha jua.