Mmiliki wa Mkurugenzi

Mkurugenzi wetu hakuwa na mbwa. Hakuwa na paka, sungura wala kasuku, na kwa maneno ya mkewe hakuwa hata na subira ya kufuga ndevu. Ndiyo maana aliteuliwa kuongoza Idara ya Utambulisho wa Wanyama wa Nyumbani: asiye na mnyama hana upendeleo. Siku ya kwanza alitangaza kwamba ndani ya miezi mitatu kila mnyama wa nyumbani atawekewa chipu chini ya ngozi ya shingo, kidude kisichozidi punje ya mchele, kwa sababu taifa lisilowajua paka wake halijijui lenyewe. Tulipiga makofi. Mimi, karani wa masijala, nilipiga zaidi, maana nilikaa mstari wa mbele.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mama mmoja, fundi cherehani, aliyekuja na paka wake kikapuni. Shingoni mwa paka palikuwa na uvimbe kama limau, na alikuwa haishi ila kwa maziwa ya kunyweshwa kwa kijiko. Daktari wa mifugo alikuwa radhi kuitoa chipu, lakini bila kibali cha Mkurugenzi angenyang'anywa leseni.

Kamati ilikaa siku nzima. Iliazimia kwamba neno "uvimbe" linazua taharuki, hivyo liandikwe "mwinuko". Kuhusu paka, ilibainika kuwa yeye mwenyewe hajaleta malalamiko kwa maandishi.

"Mama, chipu haina madhara," Mkurugenzi alimwambia fundi mbele ya watu. "Hata mimi naweza kuwekewa."

"Basi wekewa, baba, tuone."

Mkurugenzi ni mtu wa kauli. Alivua koti, akainamisha shingo, daktari akamdunga papo hapo. Kompyuta ikakataa kuhifadhi taarifa zake mpaka nafasi zote zijazwe. Kwenye aina palikuwa na mbwa, paka na mengineyo. Nilichagua mbwa, kwa kuwa "mengineyo" ingemshushia hadhi. Kwenye mmiliki, mnyama haruhusiwi kujimiliki, kwa hiyo fundi, aliyekuwa karibu, aliweka dole gumba.

Siku ya tatu Mkurugenzi akapata mwinuko. Shingo haikugeuka tena. Wajumbe waliokaa kushoto kwake wakawa hawapewi nafasi ya kusema. Hospitali ya watu ilipiga picha, ikaona chipu ya mifugo, ikasema hili si letu. Daktari wa mifugo alisema kibali kwanza. Ndipo Mkurugenzi akaja masijala, akafunga mlango, akaniomba fomu kwa sauti ya chini. Nilimpa, pamoja na kanuni ya kumi na nne, aliyoitunga mwenyewe: mnyama hajiombei, huombewa na mmiliki.

Fundi aliitwa. Alikuja na kikapu chake, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Mkurugenzi alimwamkia shikamoo, akamwomba saini. Mama akaikagua ile shingo kwa huruma ya kweli.

"Pole, mwanangu. Unakula?"

"Supu tu, mama."

"Basi mko sawa na huyu wa kikapuni. Mimi sasa nina wagonjwa wawili, naye ndiye aliyetangulia. Andika kibali chake, na cha kila mwenye uvimbe, ndipo nitafute kalamu."

"Mwinuko," alisema Mkurugenzi, kwa mazoea.

"Kama ni mwinuko, utashuka wenyewe." Akanyanyua kikapu.

"Uvimbe," alisema Mkurugenzi upesi. "Ni uvimbe, mama."

Aliandika vibali vyote kwa mkono wake. Fundi naye akasaini fomu, kisha akanitamkia barua ya kuambatisha, nami nikaandika neno kwa neno: "Daktari, nakuletea wanyama wangu wawili. Paka aanze. Huyu wa pili hubweka sana, ila hang'ati."

Nilikagua tahajia, nikafunga bahasha kwa gundi, nikagonga muhuri wa Idara, na tarishi akaondoka nayo.