Hita Saba na Kidole Kimoja

10 Juni, Jumatatu

Siku ya kihistoria hapa Ipogolo! Fundi amemaliza saa kumi jioni. Hita zote saba za bafuni, taa za korido na televisheni ya mapokezi sasa zina swichi za mtandao. Nabonyeza simu, zinawaka. Nabonyeza tena, zinazima. Kuanzia leo mimi Bartholomeo, meneja wa gesti, natawala umeme wa jengo zima nikiwa nimekaa. Nimebonyeza kama mara arobaini. Majaribio tu.

Bi Taslim, mwenye gesti, yuko Mbeya. Anafungua gesti ya pili huko, ya ghorofa mbili, na anatafuta meneja wake. Atamchagua kati yangu na Severina. Severina! Mtu wa usafi, anayechemsha maji ya wageni kwa kuni tangu gesti ifunguliwe. Nimemwambia pipa lake limestaafu rasmi. Akasema sawa, kaka Bartho, akaendelea kupasua kuni. Maskini. Hajui dunia imefika wapi.

11 Juni, Jumanne

Baridi ya kukata masikio. Mafanikio makubwa vyumba vyote, isipokuwa namba nne. Humo yumo Mzee Andendekisye, mwalimu mstaafu wa Tukuyu, mteja wetu wa miaka mingi. Anaoga dakika ishirini na tano huku anaimba nyimbo za kwaya. Leo nikampa dakika sita, kisha nikabonyeza, nikiwa kaunta na chai yangu. Nikasubiri kelele.

Kelele ikatoka namba saba. Bwana harusi! Akaja mbio kwenye korido na taulo, povu mpaka masikioni, akiuliza kama tunataka azikwe badala ya kuoa. Kumbe fundi alichanganya namba: nne ni saba, saba ni nne. Severina akamwekea ndoo ya maji moto mlangoni. Mimi nikamweleza kwamba teknolojia mpya inataka uvumilivu. Akabeba ndoo, akajifungia bafuni. Naandika ushindi.

12 Juni, Jumatano

Namba zimerekebishwa. Leo ilikuwa zamu ya televisheni. Saa moja jioni Severina hukaa mapokezi akikunja mashuka na kuangalia tamthilia yake. Alipokaa tu, nikazima kutoka stoo. Akainuka, nikawasha. Akakaa, nikazima. Mara tano! Mwisho akabeba mashuka yake akaenda jikoni. Nilijiona jenerali.

Baada ya muda nikasikia vicheko. Wageni wote wamemfuata, wamezunguka moto wake, na Mzee Andendekisye anawasimulia visa vya shule aliyofundisha. Mapokezi tulibaki mimi na televisheni. Nikaiangalia tamthilia ile mpaka mwisho. Haina maana yoyote. Yule dada angemsamehe mumewe mapema.

Swichi moja ilibaki kwenye boksi. Haifai ikae bure. Nimeifunga kwenye rauta, kile kidude kinachogawa waifai, ili nacho kiwe chini ya utawala wangu.

14 Juni, Ijumaa. Mbeya

Siku ya maonyesho! Bi Taslim amenipokea ofisini kwake kwa chai ya maziwa na kachori. Nikamwambia mama, mimi niko Mbeya, lakini mkono wangu uko Ipogolo. Akasema haya, nione. Akampigia Severina, akaweka simu yake kwa sauti kubwa mezani.

Kwenye simu yangu kuna kitufe kinaitwa Zima Vyote. Nilikuwa nimekitunza kwa siku kama hii. Nikakibonyeza taratibu, kama mtu anayekata utepe.

“Vimezima vyote, mama,” Severina akasema. “Televisheni, taa za korido, mpaka kile kidude cha waifai.”

Bi Taslim akapiga makofi. Mimi nikairudisha kachori sahanini. Kidude cha waifai! Nimezima mtandao kwa kutumia mtandao. Sasa amri ya kuwasha itapita wapi?

“Washa sasa,” Bi Taslim akasema.

Nikabonyeza. Kiduara kikazunguka. Nikabonyeza kwa gumba. Kiduara. Nikasogea dirishani, nikabonyeza nikiwa nimeinua simu juu. Kiduara kile kile. Niliona cheo changu kinazunguka humo ndani.

“Severina, maji ya wageni yana moto?”

Nikafumba macho.

“Yana moto, mama. Mzee wa namba nne yuko bafuni sasa hivi, hebu msikie.”

Na kweli! Sauti ya Mzee Andendekisye ikaingia ofisini, ubeti wa pili, kwa nguvu zote. Bi Taslim akasema haya ni maajabu. Nikamwambia ni kazi ya kawaida tu, mama. Nikamaliza kachori, nikaongeza nyingine.

15 Juni, Jumamosi. Mbeya

Bi Taslim alimpigia tena Severina kumpongeza, na Severina, kwa ukweli wake usio na faida, akamwambia maji yale yalikuwa ya kuni. Nikaitwa. Nikaenda. Kurudi kwetu Kilolo kulima viazi nilikuwa nimeshakuona kwa macho.

Bi Taslim alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi kwa mtandio. Akasema swichi ni nzuri, tatizo ni kidole. Severina atakuwa meneja wa Mbeya. Mimi nitakuja naye, niwe msimamizi wa umeme, chini yake. Nikauliza kwa nini nisibaki Ipogolo. Akasema Severina mwenyewe ndiye aliyeomba nije naye: eti nikiachwa kule peke yangu, wageni watagandishwa.

Hakuna aliyewahi kuomba apewe mimi, tena kwa jina.

Kisha nikaelewa vizuri. Severina amepewa watu. Mimi nimepewa umeme. Bila umeme watu ni nani? Nimepanda cheo!

24 Juni, Jumatatu. Mbeya

Gesti mpya imefunguliwa leo, na ina geti la umeme. Nimelifungia swichi yangu. Haingii mtu bila kidole changu! Saa nane nikalifungua kwa simu kutoka kaunta, nikatoka nje haraka kulitazama kama mgeni anavyolitazama. Likajifunga nyuma yangu polepole, bila mlio. Zuri mno.

Simu iko kaunta, inachaji.

Severina amekuja upande wa ndani, akasema kuna kishikio, ananifungulia kwa mkono. Nimemkataza kabisa. Kufungua kwa mkono ni kurudi nyuma. Nimemwagiza simu. Akasema akimaliza kuwapa wageni chai.

Nimekaa kwenye jiwe, naandika. Upepo ni wa baridi. Wamepita watu wawili na mabegi, wakauliza kama gesti imefungwa. Nimewajibu imefunguliwa leo hii, na ulinzi wake Mbeya nzima haujapata kuonekana: hata mimi mwenyewe siwezi kuingia.