Nimemlilia Idrisa wa Ndani ya Mashini

Aibu ya leo sijui niifiche wapi. Nimelia msiba, watu wametandika mikeka, na maiti hakuna.

Anayenipigia maneno haya kwenye kompyuta, ile ninayoiita mashini, ni Zuhura, binti wa mwanangu Idrisa. Ameapa hatapunguza kitu. (Namsikia anachekea puani.)

Idrisa wangu, ndugu zangu, mnamjua. Vita vya kwanza vya Kongo vilipoanza alivuka kwenda Bukavu na vitenge vyake, akasema atarudi kabla ya Ijumaa. Mpaka leo. Jirani yangu Mama Nyota hachoki: "Maman, umusomee hitima, roho ipumzike." Nami sichoki kumjibu: muntu asiyeletwa habari yake hasomewi hitima.

Basi. Zuhura anatengenezea kinu kimoja cha mpunga cha Bugarama programu, lifunguke dirisha lenye vitufe, karani apime magunia. Wenzake wana programu kubwa ya kazi hiyo, unavuta kitufe unakiweka unapotaka. Mashini yetu ni kuukuu, ikiifungua hiyo inazimia. Kwa hiyo yeye anaandika yote kwa maneno, hata kitufe kikae wapi, kwa lugha inayoitwa Pascal. (Nilidhani ni Pascal fundi baiskeli wa Gihundwe. Nikauliza akili hiyo kaipata lini.) Kisha anafungua dirisha jeusi, anaandika amri, na mashini inaunganisha vipande vya programu.

Vipande vyenyewe kavipa majina ya watu wetu. Nilimtajia mimi, maana mimi jina halinitoki.

Leo asubuhi akaniita mimi bibi yake: "Koko, kuya uone, banaitwa!"

Nikavaa miwani. Kweli! Yanapita moja moja kwenye ule weusi. Halima, mama yangu. Saidi, mume wangu. Zaituni, dada yangu aliyebaki msituni wakati wa vita. Nikawa naitikia: "Yupo! Yupo!" (Hawapo.)

Zuhura akaenda kutazama chai. Hapo mashini ikasimama. Nikasoma kwa kidole, herufi kwa herufi. Mwanzo wa mstari: Fatal. Mwisho wa mstari: Idrisa.

Kifaransa changu ni cha sokoni, lakini neno hilo nalijua. Redio ikilisema, nyuma yake kuna jeneza.

Sikuuliza. Nilipiga yowe. Yowe nililolizuia miaka yote hii, likatoka lote kwa mara moja.

Mama Nyota alifika wa kwanza, na sufuria mkononi. (Sijui alikuwa anaingoja siku hii!) Wanaume wakatoa viti nje. Wanawake wakanishika mabega. Maalim Swedi akaingia, akavua viatu, akauliza kwa upole:

"Pole, Maman. Habari imeletwa na nani?"

Nikanyoosha kidole. "Mashini."

Maalim akaitazama mashini kama mtu anayesubiri isalimie.

Zuhura akapenya katikati ya watu. "Koko! Haikusema Papa amekufa! Inasema haioni faili yenye jina lake. Niliiweka pahali pengine, nikasahau kuiambia njia!"

Akaandika amri upya, akaongeza hiyo njia. Nyumba nzima imekodolea macho ule weusi. Halima akapita. Saidi. Zaituni. Idrisa naye akapita, salama, kama mtu anayetoka sokoni. Mara likafunguka dirisha la kijivu lenye vitufe viwili: Pima, na Funga.

"Ndiyo huyu tumelia?" akauliza Mama Nyota. "Na wali nimeisha kuweka ku moto!"

Maalim akavaa kofia yake vizuri. "Wali haurudi gunia. Tule."

Wakala. Wakacheka mpaka mtu mmoja akapaliwa. Wakati wa kuondoka, vijana wa moto, hao wenye pikipiki pale barabarani, walikuwa wameshanipa jina: Koko Fatal. Hilo nitazikwa nalo.

Walipokwisha kutoka nilimuuliza Zuhura: "Kwa hiyo alikuwepo tu?"

"Alikuwepo, Koko. Ilikuwa inamutafuta pahali hayuko."

Nilikunja mikeka.

Chekeni, lakini kidogo. Na ninyi mlio Bukavu, Uvira, hata Kisangani, mkisikia njia yoyote aliyopita Idrisa wangu, mniambie. Yowe langu nimelirudisha. Na ule wali wa Mama Nyota haukuwa hitima. Watu walikuwa na njaa tu.